Lugha Moja, Mitambo Mingi: Mahali pa Kuziweka Tofauti katika Programu za C

Madhumuni ya makala haya ni kueleza tatizo moja linalowakabili watungaji wa programu za tarakilishi, tatizo ambalo mwanaisimu akilitazama vizuri atalitambua kuwa ni ndugu wa matatizo anayoyajua. Matini moja ya programu, iliyoandikwa katika lugha ya C, yatakiwa kutenda kazi ile ile katika mitambo na mifumo ya uendeshaji isiyolingana. Tofauti za mitambo zipo, wala haziwezi kufutwa. Swali ni wapi ziwekwe. Rai yetu ni kwamba zisitapanywe ndani ya matini, bali zitengwe mahali pamoja, nyuma ya jina lenye maana moja.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. Kabla ya hapo mifumo ya namna hiyo aghalabu iliandikwa kwa lugha ya mtambo mmoja tu. Mtambo ulipoachwa, mfumo nao ulikufa. Baadaye katika muongo huo Ritchie na mwenzake Stephen Johnson waliuhamisha Unix kutoka kwenye PDP-11, mtambo wa biti 16, hadi kwenye Interdata 8/32, mtambo wa biti 32 unaopanga baiti zake kwa utaratibu wa kinyume. Wakaeleza kazi hiyo mwaka 1978. Walifaulu, lakini ilidhihirika kwamba kuandika kwa C hakutoshi kuifanya programu ihamike.

Hata usanifishaji wa mwaka 1989 haukuondoa tofauti zote, wala haukukusudia. Kanuni zilizokubaliwa husema kwamba namba kamili ya kawaida isipungue biti 16. Haziseni iwe na ngapi hasa. Vilevile hazikuamua kama aina iitwayo char, ambayo hubeba herufi, iwe na alama ya hasi au isiwe nayo. Kwa hiyo baiti yenye thamani inayozidi 127 huonekana kuwa namba hasi katika tarakilishi nyingi za mezani, na kuwa namba chanya katika Linux ya mitambo ya ARM. Jambo hili halimhusu fundi peke yake. Anayechambua tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu atakumbana nalo mara moja, kwa sababu katika usimbaji wa UTF-8 kila baiti ya herufi hizo huzidi 127.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutunga programu ndogo ya kuhesabu maneno katika matini za Kiswahili. Matini zilipigwa chapa katika tarakilishi ya Windows, na hesabu ikafanywa katika tarakilishi ya Linux. Orodha ilipotoka, neno "kitabu" lilikuwamo mara mbili, kila moja na idadi yake. "Watu" vivyo hivyo, na mengine mengi. Kwa macho hapakuwa na tofauti yoyote kati ya "kitabu" cha kwanza na cha pili. Sababu ni kwamba Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, ilhali Linux humaliza kwa moja. Hivyo kila neno la mwisho wa mstari liliburuta baiti ya ziada isiyoonekana, na programu ikalihesabu kuwa neno jingine.

Dawa iliyotumiwa kwanza ndiyo inayotumiwa na wengi. C ina tamko liitwalo #ifdef, lenye maana ya "kama jina hili limebainishwa". Kifungu kinachofuata tamko hilo huachwa au huondolewa kabla ya matini kufika kwenye kompaila, yaani programu inayoigeuza C kuwa maagizo ya mtambo. Basi tukaandika: kama hii ni Windows, ondoa baiti ya ziada. Haikusaidia kitu! Programu ilikuwa ikiendeshwa katika Linux, kwa hiyo sharti halikutimia kamwe. Siku mbili zilipita kabla ya kutambua kwamba swali lenyewe ndilo lililokuwa na kosa. Tofauti ile haikuwa ya mtambo unaosoma. Ilikuwa ya faili linalosomwa. Hatimaye kiliandikwa kitendakazi kimoja, yaani kifungu cha maagizo kilichopewa jina, chenye kazi ya kusoma mstari na kuurudisha bila alama zozote za mwisho, uwe umetoka wapi. Masharti yote yaliyotangulia yakafutwa.

Utaratibu wa baiti ni vivyo hivyo. Watungaji wengi huuliza: je, mtambo huu huanza na baiti kubwa au ndogo? Kisha huandika njia mbili. Lakini faili limekwisha kuandikwa kwa utaratibu wake, na utaratibu huo haubadiliki kwa kuhamishwa. Ukizichukua baiti moja moja na kuzijumlisha kwa kadiri ya nafasi zake katika faili, jibu litakuwa lile lile katika kila mtambo, na swali la kwanza halina kazi tena. Inafaa mtungaji aanze kwa kujiuliza kama tofauti anayotaka kuishughulikia inamhusu kweli. Nyingine hutoweka zikiulizwa vizuri.

Zisizotoweka ndizo zenye kuhitaji mahali. Mwaka 1992 Henry Spencer na Geoff Collyer, waliokuwa wametunga programu ya C News iliyotumika katika mitambo ya kila namna, walichapisha makala ya kuonya juu ya #ifdef. Hoja yao ilitokana na uzoefu: masharti yakitawanywa katika matini, matini haisomeki tena. Tuongeze hesabu. Sharti moja hufanya matini mbili. Masharti kumi yasiyotegemeana hufanya matini 1024, zote zimefichwa katika faili moja, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kusomwa wala kujaribiwa na mtu yeyote. Mhakiki wa miswada anayelalamikia nakala saba za utenzi mmoja na awaonee huruma watu hawa.

Na tufikirie mhariri anayetaka kitabu kimoja kisomwe Unguja, Mombasa na Lamu, naye akaandika katika kila sentensi: macho, au kama msomaji ni wa Mombasa, mato, jua, au kama ni wa Lamu, yua. Kitabu hicho hakitasomeka popote. Mfano huu, hata hivyo, unafaa zaidi kwa jambo jingine. Katika Kiamu husikika "mato" na "yua". Katika Kimvita "mato" lakini "jua". Katika Kiunguja "macho" na "jua". Isoglosi hazifuatani. Anayeuliza tu kama msemaji ni wa kaskazini, kisha akakisia matamshi yake yote, atakosea huko Mombasa. (Hatusemi hapa kwamba lahaja zifichwe kama tofauti za mitambo, lahaja ni mali, nazo tofauti za mitambo aghalabu ni usumbufu mtupu.)

Programu zinazouliza jina la mfumo hukosea kwa namna hiyo hiyo. Kitendakazi strlcpy, cha kunakili maandishi bila kupita mpaka wa nafasi iliyotengwa, kilitolewa na watungaji wa mfumo wa OpenBSD mwaka 1998. Maktaba ya C iitwayo glibc, inayotumiwa na Linux nyingi, haikukikubali mpaka mwaka 2023. Lakini zipo Linux zinazotumia maktaba nyingine, musl, ambayo ilikuwa nacho miaka mingi kabla. Aliyeandika "kama ni Linux, strlcpy haipo" alikosea kwa musl tangu mwanzo, na kwa glibc amekosea tangu 2023. Ilimpasa aulize sifa: je, kitendakazi hiki kipo? Zana iitwayo Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, hufanya hivyo hasa; hujaribu kila sifa katika mtambo wenyewe na kuandika majibu katika faili moja.

Majibu yakishapatikana, bado yaweza kutumiwa vibaya kwa kutapanywa. Mfano mwema ni OpenSSH, programu ya kuingia katika tarakilishi ya mbali kwa usiri, iliyotolewa mwaka 1999. Watungaji wake huiandika kwanza kwa ajili ya OpenBSD peke yake, kwa matini safi. Kundi la pili huiandaa kwa mifumo mingine, na lina saraka iitwayo openbsd-compat. Mfumo usio na strlcpy hupewa strlcpy kutoka humo. Matini kuu huiita kwa jina hilo pasipo kujua imetoka wapi. Haikosi masharti kabisa, lakini mengi yamesukumwa pembeni.

Yanayoweza kutokea kinyume chake yalionekana mwaka 2014, ilipogunduliwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya usiri ya OpenSSL. Tuseme wazi kwamba #ifdef sicho chanzo chake: chanzo ni kutokagua urefu wa ujumbe, na kwa hiyo mgeni aliweza kusoma kumbukumbu ya mtambo hadi kilobaiti 64 kwa mara moja. Lakini watungaji wa OpenBSD walipoikagua matini waliona kwamba OpenSSL ilikuwa na utaratibu wake wa kugawa kumbukumbu, ulioelezwa kuwa ni kwa ajili ya mitambo ambayo utaratibu wake ulikuwa wa polepole. Udhaifu wa mitambo michache ulikuwa umefanywa sheria ya wote, na kinga zilizokuwamo katika mifumo iliyo bora zikapitwa kando. Mwezi huo huo walianzisha tawi lao, LibreSSL, wakaanza kwa kufuta maelfu ya mistari, ikiwamo iliyohudumia mifumo iliyokwisha kuachwa.

Imebaki sehemu ngumu, nayo ni kuchagua jina. Kitendakazi rename hubadili jina la faili. Katika Unix, kama jina jipya lina faili tayari, faili hilo la zamani hubadilishwa mara moja. Katika Windows rename hukataa. Kanuni za C hazikuamua. Mtungaji anayehifadhi kamusi yake kwa kuandika faili jipya na kuliweka mahali pa lile la zamani atapata kamusi Nairobi na kupata kosa katika tarakilishi ya Windows ya jirani yake. Akijenga kitendakazi chake na kukiita "badili jina", atakuwa amerithi utata ule ule. Akikiita "weka faili jipya mahali pa la zamani", maana imebainika, na kila mfumo waweza kuitimiza kwa njia yake: Unix kwa rename, Windows kwa wito wa MoveFileEx wenye ruhusa ya kubadilisha. Mafaili mawili mafupi, moja kwa kila mfumo, na matini kuu haina sharti hata moja.