Damu Inapovuka Ukuta wa Ubongo

Wiki hii tuzungumze juu ya kichwa, hiki tunachokibeba kila siku bila kukifikiria.

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alianguka kwa pikipiki. Hakuvaa kofia. Alilazwa, akashonwa, na baada ya majuma machache akarudi kazini. Sote tukamshukuru Mungu. Miezi minane baadaye alianguka tena, safari hii kutoka kitini, akiwa anakunywa chai. Kilikuwa kifafa. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, wewe mtu wa redio unasoma mengi. Kidonda kimepona, ugonjwa huu umetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Leo nawaletea sehemu yake.

Tuanze na damu yenyewe. Husemwa kwamba damu ni uhai, na ni kweli. Hata hivyo, ubongo haukubali kuguswa na damu moja kwa moja. Kuta za mishipa yake midogo zimebana sana: hupitisha sukari na oksijeni, lakini protini nyingi huzizuia. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich alieleza kwamba rangi iliyotiwa katika damu ya wanyama ilienea karibu mwili mzima, ila si ubongoni. Protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu ni albumini, itengenezwayo na ini. Lita moja ya majimaji hayo ina gramu 40 hivi. Maji yanayouzunguka ubongo hayafikishi hata nusu gramu.

Nyuma ya ukuta huo ziko seli za neva pamoja na wasaidizi wake. Baadhi ya wasaidizi hao wana umbo la nyota, nao huitwa astrosaiti. Huzilisha neva, huondoa mabaki, na huikumbatia mishipa ya damu. Hawapelekeani habari kwa umeme kama neva, bali hutumia kalsiamu. Ndani ya seli kalsiamu huwa chache mno, kama mara 10,000 pungufu ya ile iliyo nje. Ikipanda ghafla, basi kengele imelia.

Sasa fikiria mshipa umepasuka na albumini imeingia ubongoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyu huleta nini?

Mwaka 1995 Angel Nadal, Peter McNaughton na wenzao walitangaza walichokiona katika maabara. Waliziwekea astrosaiti albumini ya damu, na kalsiamu ikapanda ndani ya seli hizo. Si hivyo tu, seli zilianza kutengeneza DNA mpya, yaani zilijiandaa kugawanyika. Albumini ilipoondolewa aina fulani ya mafuta iliyoyabeba, kengele haikulia tena. Kumbe albumini ilikuwa mchukuzi, na mafuta ndiyo yaliyobisha hodi.

Seli hizo zikiongezeka na kukusanyika penye jeraha, hujenga kovu. Kovu hilo huzuia madhara yasienee, na hapo mwenyeji amepona kweli. Lakini kovu hilo hilo laweza kuwa kikwazo kwa neva zinazotaka kuota upya.

Baadaye, majaribio ya panya yalionyesha jambo jingine. Astrosaiti zikiimeza albumini, kwa njia tofauti na hii ya kengele, hushindwa kuondoa potasiamu inayozunguka neva. Neva zikizungukwa na potasiamu nyingi huwa nyepesi kuchachamaa, na kifafa hupata mlango.

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa binamu yangu, maana panya si mtu. Lakini sasa naweza kumwambia shangazi kwamba ngozi ya kichwa huweza kupona huku ndani kazi ikiendelea kwa miezi, na kwamba hakuna jini aliyetumwa.

Basi, ndugu msikilizaji, vaa kofia hata kama safari ni ya dukani tu. Na aliyewahi kuumia kichwa akianza kuanguka, hata ikiwa mwaka umepita, mpeleke hospitali, umweleze daktari habari ya ajali ile ya zamani. Usiseme ilishapita. Huenda ubongo bado unaikumbuka.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.