Kazi ya Shanga: Nguvu ya Fundo na Hesabu ya Saa

Bangili ya shanga ikikatika, haikatiki kwenye shanga bali kwenye uzi. Mnunuzi aliyeipenda kwa rangi zake huikuta siku ya pili imetawanyika sakafuni, naye hasemi kwamba uzi ulikuwa hafifu. Husema kwamba vitu vya soko lile ni vibaya, wala harudi tena. Hivyo mtu mmoja aliyefunga fundo kwa haraka huwaharibia biashara wenzake wote waketio pamoja naye. Jambo hili si dogo, kwa maana katika nchi ya Kenya ziko nyumba nyingi, hasa za wafugaji, ambazo fedha ya shanga ndiyo inunuayo unga wakati wa ukame na kulipa karo ya watoto. Kwa hiyo yafaa kujua jinsi pambo linavyotengenezwa likadumu, na jinsi bei yake inavyohesabiwa.

KAZI YA ZAMANI SANA

Kazi hii haikuanza jana. Katika pango la Enkapune ya Muto, lililo katika Bonde la Ufa upande wa magharibi wa ziwa Naivasha, wataalamu walichimbua shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, ambazo umri wake umekadiriwa kuwa kama miaka 40,000. Waliozifanya walivunja ganda vipande vidogo, wakatoboa kila kipande katikati, kisha wakakisugua kingo zake mpaka kikawa mviringo. Hawakuwa na chombo cha chuma, lakini walikuwa na subira.

Shanga za kioo zilikuja baadaye kwa njia ya bahari, kwanza kutoka Bara Hindi na nchi nyingine za Mashariki, na baadaye pia kutoka Venice na Bohemia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilizichukua mpaka bara, na wakuu wa misafara hiyo walijifunza upesi kwamba watu wa bara hawakubali ushanga wowote tu. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na kipimo chake. Joseph Thomson, aliyepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1883, ilimlazimu kukaa Taveta huku watu wake wakizitunga upya shanga zake maelfu ya nyuzi, kwa kuwa zisipokuwa katika urefu uliokubaliwa huko aendako, zisingemfaa kitu.

Hata leo rangi zina maneno yake. Kwa Wamasai nyeupe hukumbusha maziwa, nyekundu damu na ushujaa, buluu mbingu iletayo mvua, na kijani majani yalishayo ng'ombe. Tena yako mapambo yaonyeshayo rika la mtu, au kwamba ameolewa. Mtu wa kabila lingine atakaye kuiga mapambo ya namna hiyo ili ayauze, ni heshima awaulize kwanza wenyewe maana yake.

KUCHAGUA VIFAA

Shanga zilizo nzuri hulingana unene. Kabla ya kuanza, mwaga shanga katika sahani bapa, uzitoe zote zilizo nene mno, nyembamba mno, au zenye tundu lililopasuka. Tundu lenye makali hukata uzi kama kisu. Kisha chukua shanga chache za kila rangi, uzilaze usiku kucha katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, na asubuhi uzisugue kwa kitambaa cheupe. Zikiacha rangi katika kitambaa, zitaacha rangi katika nguo ya mnunuzi pia.

Uzi wa pamba wa kushonea nguo haufai, kwa sababu jasho huuozesha. Uzi wa nailoni ni bora, ukisuguliwa kwa nta ya nyuki ili usijisokote wala usichanike katika sindano. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki pia hutumika, lakini ukikaa sana juani hukauka na kuvunjika. Basi asitundike mtu bidhaa zake juani mwezi baada ya mwezi.

Waya pia huchaguliwa. Waya ya chuma isiyopakwa kitu hushika kutu kwa jasho. Shaba huacha alama ya kijani katika ngozi, ambayo haina madhara lakini huwaudhi wanunuzi. Nikeli huwawasha watu wengine, hasa masikioni. Kwa hiyo vikulabu vya hereni visiwe vya madini hayo.

KUTENGENEZA BANGILI YA SAFU TATU

Kwanza pima kifundo cha mkono kwa uzi, uongeze sentimita 2 ili bangili isibane. Mkono wa sentimita 16 wataka bangili ya sentimita 18.

Pili kata vipande vyembamba vya ngozi ngumu: viwili vya mwisho, na viwili au vitatu vya katikati. Toboa kila kipande matundu matatu kwa msumari mwembamba. Nafasi kutoka tundu mpaka tundu na ilingane na upana wa ushanga mmoja. Matundu yakikaribiana mno, safu zitasukumana na bangili itapinda. Yakiachana mno, uzi utaonekana.

Tatu kata uzi. Safu tatu za sentimita 18 ni sentimita 54. Lakini uzi hupita kila safu mara mbili, kwa hiyo ni sentimita 108. Ongeza sentimita 40 za kufungia, na jumla ni karibu mita 1 na nusu. Aachaye kuhesabu hivi huishiwa na uzi katikati ya kazi, akalazimika kuunga. Na kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Nne tunga safu ya kwanza, ukipitisha sindano katika kipande cha ngozi kila baada ya hesabu moja ya shanga, kama 20. Ukifika mwisho geuka, utunge safu ya pili kwa hesabu ile ile, kisha ya tatu. Halafu urudi na sindano katika njia yote uliyopita. Kazi hii ya kurudi haionekani kwa macho, nayo ndiyo iongezayo maisha ya bangili.

Tano shona kifungo upande mmoja, na upande wa pili kitanzi cha uzi kilichopitishwa mara tatu au nne, maana hapo ndipo panapovutwa kila siku.

FUNDO

Nailoni ni laini, na fundo la kawaida huteleza likafunguka lenyewe. Zungusha uzi mara mbili badala ya mara moja kabla ya kukaza, kisha ufunge tena kwa upande wa kinyume. Usikate uzi penye fundo. Rudisha ncha ndani ya shanga tano au sita, uvute mpaka fundo lizame katika tundu, ndipo ukate. Tone moja la gundi juu ya fundo husaidia, lakini gundi haiwezi kuokoa fundo baya.

Bangili ikiisha, ivute kwa nguvu, uiloweshe maji, kisha uivae siku tatu ukifanya kazi za nyumbani. Ikivumilia hayo, wenzake waliofanywa namna ile ile waweza kupelekwa sokoni.

KIDANI KIPANA CHA SHINGONI

Kidani kile kipana kilalacho mabegani hufuata kanuni nyingine. Safu zake hutungwa katika waya, na kila safu ya nje ni duara kubwa kuliko ile ya ndani yake. Ikiwa upana wa ushanga ni milimita 2, kila safu lazima iwe ndefu kuliko iliyotangulia kwa milimita 12 au 13. Nyongeza hii ni ile ile kwa shingo ya mtoto na kwa shingo ya mtu mzima. Ikipungua, kidani huinuka kama bakuli. Ikizidi, kingo zake hujikunjakunja kama jani la sukuma. Wanawake wa Kimasai waijua hesabu hii kwa vidole vyao, ingawa wengi hawakuipata darasani.

HESABU YA BEI

Wengi huhesabu vifaa tu, wakasahau saa zao. Na ichukuliwe kwa mfano bangili ambayo vifaa vyake ni shilingi 120, na nauli ya kwenda sokoni ikigawanywa kwa bangili zote ni shilingi 10. Imechukua saa 3, na mwenye kazi aona kwamba saa yake moja haipungui shilingi 60. Basi kazi ni shilingi 180, na bangili yapasa kuuzwa shilingi 310. Akiiuza 200, hurudi nyumbani na shilingi 70 juu ya gharama, akadhani amepata faida. Kumbe amelipwa kama shilingi 23 kwa saa, na mnunuzi ndiye aliyefaidika kwa jasho lake.

Dawa yake ni daftari. Andika siku, vifaa, saa, bei iliyopatikana, na rangi iliyonunuliwa upesi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

NGUVU YA KUSHIRIKIANA

Kazi ya mikono yaweza kukua ikisimamiwa vizuri. Mwaka 1975 Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo wa kuchoma katika banda dogo la bustani yake huko Karen, Nairobi, pamoja na wanawake wawili. Karakana hiyo, iitwayo Kazuri, ilikuja kuwapa kazi mamia ya wanawake. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ushanga kwa ajili ya wanawake wa jamii za wafugaji katika kaunti saba: Kajiado, Narok, Baringo, Samburu, Marsabit, Turkana na Pokot Magharibi.

Lakini si lazima kungoja mpango mkubwa. Wanawake kumi wa kijiji kimoja waweza kununua shanga pamoja kwa bei ya jumla, kugawana nauli, na kukubaliana jambo moja: kwamba hakuna bangili itakayotoka mikononi mwao isiyovutwa, isiyoloweshwa na isiyopimwa. Mnunuzi hatayaona mafundo hayo kamwe. Ataona tu kwamba bangili aliyoinunua mwaka jana bado i mkononi mwake, naye ataiuliza njia ya kurudi kwa wale walioitengeneza.