Kidaka Hakuna, Basi Tutundike Rafu

Wenyeji wa Lamu wanazijua zidaka, yale mashubaka yaliyopangwa safu kwa safu katika kuta za nyumba za mawe na kutiwa nakshi za chokaa. Nyumba tunazojenga zama hizi hazina. Ukuta wa tofali la inchi 6 haukubali shubaka la maana, basi msahafu huishia juu ya kabati la vyombo, jambo ambalo mama yangu halipendi hata kidogo.

Ndipo nikaamua kumtengenezea rafu pana ya mbao, futi 5 kwa inchi 10, isiyoonyesha chuma wala mguu. Aliponiona nachora ukutani akauliza, "Mwanangu, na hilo bao litashikwa na nini?"

Naam, hilo ndilo swali. Kidaka huuelemea ukuta. Rafu ya namna hii huuvuta. Kadiri inavyozidi upana, na vitu vizito vikikaa ukingoni, ndivyo skrubu zinavyotaka kung'oka. Uzuri wa mbao hausaidii kitu hapo.

Kinachoishika ni mti mmoja wa inchi 2 kwa 3, uliolala ukutani kwa urefu wa rafu, na mikono sita iliyotokeza mbele mfano wa meno ya chanuo. Kila mkono nimeutia gundi na skrubu mbili ndefu kutoka nyuma. Kisha nikaushika mti ukutani kwa pima maji, nikautoboa, nikatia vigingi vya plastiki na skrubu za inchi 5, moja juu moja chini, mpaka mwisho. Inchi 2 ni za mti, lipu inakula yake, na zinazobaki lazima ziingie ndani ya tofali lenyewe. Skrubu inayoshika lipu tupu haijashika kitu. Wenye nyumba kongwe za matumbawe wawe waangalifu zaidi: chokaa yake ni nene, na jiwe lina vishimo, kwa hiyo huenda ukatoboa mara mbili kabla ya kupata mahali pagumu.

Juu ya mikono hiyo huvishwa sanduku jembamba la plaiwudi, kama foronya na mto, lenye ubao wa mvule kwa mbele. Skrubu ndogo chache chini yake zatosha. Kwa hewa yetu ya pwani chagua zilizopakwa zinki, na mbao zikae ndani ya nyumba wiki mbili tatu kabla ya kukatwa, zisije zikapinda.

Usiku wa kwanza niliilaza na kilo 20 za mchele. Asubuhi pima maji haikuonyesha tofauti. Mama akapanga msahafu, juzuu za wajukuu, na ile tafsiri nzito ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy iliyotoka 1969, vyote vikigusa ukuta. Nilipoleta redio akanitazama tu. Nikairudisha mezani.