Viungio vya Haidroliki vya Trekta: Namna ya Kuvichagua

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na mitaa jirani ya Mchafukoge, jijini Dar es Salaam, mnunuzi aliyetumwa kutoka shambani aweza kuonyeshwa viungio viwili vya trekta vinavyofanana kama shilingi kwa ya pili. Kimoja chaweza kudumu misimu mingi. Kingine chaweza kuvujisha mafuta siku ya kwanza. Trekta likisimama mvua zikiwa zimekwisha kuanza, hasara ni ya mkulima.

Kiungio cha haraka kina sehemu mbili: dume, lililofungwa kwenye mpira wa tela au plau, na jike, lililo nyuma ya trekta. Kila sehemu ina vali inayosukumwa na springi. Zikiunganishwa, vali husukumana zikafunguka, na gololi ndogo hulishika dume lisichomoke. Zikitenganishwa, vali hujifunga na mafuta hayamwagiki ovyo.

Blaise Pascal, mtaalamu Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha kwamba kanieneo katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mafuta yenye kanieneo ya megapaskali 18, yakisukuma pistoni ya kipenyo cha milimita 80, hutoa kani ya nyutoni 90,000 hivi, yaani ya kuinua tani 9. Kanieneo hiyo hiyo hukikabili kiungio. Hivyo basi, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kiwango cha kiungio hakipungui kile cha trekta.

Pili ni aina. Matrekta mengi ya sasa hutumia viungio vya ISO 7241 mfululizo A, vya nusu inchi. Vile vya mfululizo B haviingiliani navyo.

Tatu ni nyuzi za skrubu. Nyuzi za BSP zina pembe ya digrii 55, na za NPT digrii 60. Lakini katika ukubwa wa nusu inchi, zote zina nyuzi 14 kwa kila inchi. Kwa sababu hiyo huanza kukazika vizuri, kumbe pembe hazilingani, na mafuta hupenya.

Nne ni kipenyo. Njia ya mafuta ikipunguzwa kipenyo kwa nusu, kasi huongezeka mara 4, na upotevu wa kanieneo hukaribia mara 16. Nguvu hiyo hupotea kwa kugeuka joto.

Kabla ya kuunganisha au kutenganisha, zana ishushwe chini, injini izimwe, na wenzo usogezwe ili kanieneo iishe. Tela lililoachwa juani aghalabu hukataa kuunganishwa, kwa kuwa mafuta yaliyofungiwa hutanuka kwa joto. Kiungio kifutwe vumbi, na kisipotumika kifunikwe kofia yake. Mvujo usitafutwe kwa kidole kamwe: mafuta yenye kanieneo kubwa hupenya ngozi. Aliyechomwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo mfano wa tundu la sindano.

Njia ya hakika ni kwenda dukani na kiungio cha zamani, pamoja na kalipa na kipimo cha nyuzi. Nao wanafunzi na wakokotoe: pistoni ikiwa na kipenyo cha milimita 100, kani itakuwa kiasi gani?