Kompyuta Inayosema: Programu za Ofisi kwa Mtu Asiyeona

Glakoma huondoa uoni polepole, na uoni uliokwisha kupotea haurudishwi kwa dawa wala kwa upasuaji. Tiba hulinda ule uliobaki tu. Maradhi ya retina yatokanayo na kisukari nayo, yakichelewa kutibiwa, huacha madhara yasiyofutika. Wengi wanaopatwa na hali hizi ni watu wazima walio katikati ya kazi: wahasibu, walimu, makarani, wauguzi. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa katika kliniki ya macho kwamba hakuna la kufanya zaidi, husikia hukumu mbili kwa pamoja, moja ya macho na nyingine ya ajira. Ile ya kwanza ni ya kitabibu na huenda ikawa sahihi. Ya pili, kwa mtu ambaye kazi yake ni ya maandishi na hesabu, mara nyingi si sahihi, na sababu yake ni programu ambayo siku hizi yaweza kupatikana bila malipo.

Programu hiyo huitwa kisoma-skrini. Hugeuza yaliyomo kwenye kompyuta kuwa matamshi, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu ambacho huinua na kushusha vijiti vidogo chini ya vidole. Jina lake linapotosha kidogo, kwa maana kwa kawaida hakitazami skrini kama jicho litazamavyo. Huiuliza programu iliyofunguliwa: hapa pana nini? Programu iliyoundwa vyema hujibu kwamba hapa pana kitufe kiitwacho “Hifadhi”. Au hapa ni seli B7, na ndani yake mna 4,500. Jibu hilo ndilo linalotamkwa. Mtumiaji hana haja ya kipanya. Huendesha kila kitu kwa kibodi, akihama kwa vishale, kwa kitufe cha Tab na kwa amri kadhaa anazozikariri. Programu isiyojibu maswali hayo huwa kimya kwake, hata iwe na sura nzuri kiasi gani.

Kwa miaka mingi kizuizi kikubwa kilikuwa bei. JAWS, kisoma-skrini kilichotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1989 na kampuni ya Ted Henter, mwendeshaji wa mbio za pikipiki aliyepoteza uoni kwa ajali ya gari, ni programu nzuri na bado hutumika sana maofisini. Lakini leseni yake ya kudumu iliuzwa kwa muda mrefu kwa bei iliyokaribia dola 1,000 za Marekani. Kwa mtu ambaye mshahara wake umekatika pamoja na uoni wake, bei hiyo ilikuwa sawa na kumwambia asijaribu. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kuandika kisoma-skrini kingine, NVDA, kisha akaungana na James Teh, naye asiyeona. Walikigawa bure, na hadi leo hutolewa bure. NVDA hufanya kazi kwenye Windows, tena huweza kubebwa katika flashi na kuendeshwa bila kusakinishwa, jambo linalomfaa anayetumia kompyuta ya shule au ya ofisi ya mtu mwingine. Apple iliweka VoiceOver ndani ya kompyuta zake mwaka 2005, na watumiaji wa Linux wana Orca. Windows yenyewe ina Narrator, ambayo huwashwa kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Enter. Kwa maneno mengine, kompyuta iliyoko katika masjala ya hospitali, ikiwa na Windows 10 au 11, tayari inaweza kusema, ingawa huenda hakuna aliyewahi kuijaribu.

Kifaa cha nukta nundu ni habari nyingine; aghalabu bei yake huizidi ya kompyuta yenyewe. Hivyo anayeanza huanza na sauti.

Kisoma-skrini cha bure, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni programu za ofisi zenyewe: ile ya kuandikia barua, ile ya lahajedwali, ile ya mawasilisho. Hapa jimbo la Massachusetts, huko Marekani, lilitoa funzo mwaka 2005. Idara ya teknolojia ya jimbo hilo iliamua kwamba nyaraka za serikali zihifadhiwe katika muundo huria uitwao OpenDocument, ili umma usifungwe na bidhaa ya kampuni moja. Nia ilikuwa njema. Lakini watu wasioona na watetezi wao walipinga, kwa sababu wakati huo visoma-skrini vilikuwa vimezoeana na programu za Microsoft, ilhali OpenOffice, programu ya bure iliyotumia muundo huo mpya, haikuwajibu ipasavyo. Wafanyakazi wasioona wangeweza kujikuta hawawezi tena kutimiza kazi waliyokuwa wakiifanya jana yake. Pingamizi lao halikupuuzwa: muundo wenyewe ulipitiwa upya, na toleo la 1.1, lililoidhinishwa mwaka 2007, liliongezewa mambo ya ufikivu, kama vile nafasi ya kuweka maelezo ya maandishi kwa picha na michoro.

Programu zilichukua muda zaidi kuliko muundo. OpenOffice kwenye Windows ilizungumza na visoma-skrini kwa kupitia daraja la Java, ambalo lilihitaji kuwekwa kivyake na lilikuwa zito. LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010 na ambayo pia ni ya bure, iliachana na daraja hilo kufikia mwaka 2014 na kuanza kujibu moja kwa moja. Leo mtu anayetumia NVDA anaweza kuandika barua, kusahihisha tahajia na kutunza hesabu za duka kwa LibreOffice bila kulipa chochote. Bado si laini kila mahali, na katika mawasilisho huchosha. Kwa maoni yangu, anayerudi katika ofisi ambayo tayari ina leseni za Word na Excel aendelee na hizo pamoja na NVDA, maana atapokea na kutuma faili zile zile na wenzake. LibreOffice imfae nyumbani, au katika shughuli yake mwenyewe. Word na Excel za mtandaoni hazina malipo pia, ila zinadai intaneti isiyokatika-katika, na vifurushi si bure.

Lugha isisahaulike. NVDA huja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Sauti yenyewe ni kavu, ya mashine hasa, na katika siku za mwanzo huwaudhi wengi. Lakini matamshi yake hueleweka, na baada ya kuzoea wengi huongeza kasi hadi msikilizaji wa pembeni asishike neno. Anayeiacha kompyuta isome Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza hupata maneno yaliyovunjika-vunjika na hudhani programu ni mbovu, kumbe ni mpangilio mmoja tu wa kubadilisha.

Yote haya hujifunzwa kwa urahisi zaidi wakati mgonjwa bado ana uoni hafifu, kwa kuwa huweza kulinganisha anachokisikia na kile kidogo anachokiona. Kwa hiyo mhudumu wa afya asingoje upofu ukamilike ndipo ataje kisoma-skrini. Shirika la Afya Duniani liliviweka visoma-skrini katika orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016, pamoja na viti vya magurudumu na visaidizi vya kusikia. Kuvitaja kliniki ni sehemu ya huduma. Yafaa kuuliza mambo mawili, yaani kazi ya mgonjwa na kama anajua kibodi, na kuandika majibu hayo katika barua ya rufaa ya utengamao.

Upo pia upande wa hospitali, na hapa ndipo tunapokosea mara kwa mara. Matokeo ya maabara yaliyopigwa picha na kutumwa kama picha hayana neno hata moja ndani yake. Kisoma-skrini kikiuliza pana nini, hujibiwa kwamba pana picha. Mgonjwa hulazimika kumwita mjukuu au jirani amsomee, na kwa njia hiyo kipimo cha virusi vya UKIMWI au cha mimba hujulikana na mtu ambaye hakupaswa kukijua. Faili iliyochapwa, pamoja na vipokea sauti vya masikioni, humwezesha kuisoma peke yake. Vichwa vya habari viwekwe kwa mitindo ya programu, si kwa kukoleza wino tu, ili msomaji aweze kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Seli za jedwali zisiunganishwe ovyo. Kiwango kilichopita kawaida kisiachwe na rangi nyekundu pekee. Liandikwe neno “juu” au “chini” kando yake.

NVDA huweza kujaribu kutambua herufi zilizomo ndani ya picha, na kwa tangazo la mkutano hilo latosha. Kwa dawa halitoshi: nukta ikiruka, miligramu 0.5 husomwa 05, na mgonjwa hana jicho la kumshtua. Maelekezo ya dozi yatumwe katika faili iliyochapwa, na nakala yenye sahihi na muhuri iambatishwe kando kwa ajili ya mfamasia.