Maumivu Yafichwayo Chini ya Kikoi

Barazani twazungumza yote: bei ya samaki, siasa, hata maradhi ya sukari. Lakini maumivu ya sehemu za siri mwanamume hayataji. Mimi niliyaficha miaka miwili.

Nikikaa nusu saa tu, nahisi kama nimekalia kaa la moto. Wenzangu wakinicheka, ati mbona nasimama kama mlingoti. Usiku haja ndogo ikiniamsha mara nne, tano. Hata nikiwa na mke wangu, mwisho wake ulikuwa maumivu.

Lililoniuma zaidi ni shaka. Nilipewa dawa za kuua vijidudu, zikaisha, nikapewa nyingine. Mke wangu akaziona, akanyamaza. Hatimaye akauliza, "Bwana, umeniletea nini nyumbani?" Wallahi sikuwa nimetoka nje ya ndoa, lakini jawabu sikuwa nalo.

Tukaenda pamoja kwa daktari bingwa. Alinipima mkojo na tezi-dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu. Hakuona vijidudu. Akatueleza kuwa mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walichapisha mpango unaoyagawa maradhi haya mafungu manne. Wagonjwa walio wengi wamo katika fungu la tatu: maumivu ya nyonga ya muda mrefu, yasiyo na vijidudu. Si kisonono, wala si saratani. Mara nyingi misuli ya chini ya nyonga hukaza kama kamba ya tanga, na hofu huizidisha kukaza.

Mke wangu alishusha pumzi. Nami pia.

Nilifundishwa mazoezi ya kuilegeza misuli, kuvuta pumzi hadi tumboni, kukaa katika karai la maji ya uvuguvugu, na kutokaa kitako mno. Sijapona kabisa, lakini sasa nalala. Ila mwenye homa, damu katika mkojo, au aliyefungwa na mkojo, asingoje. Aende hospitali mara moja.

Sahaba Imran bin Huswain aliugua bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) aswali vipi. Akaruhusiwa kuswali kwa kukaa, na asipoweza, kwa ubavu. Yeye hakuona haya kuuliza. Sisi twaona haya ya nini? Wahenga walinena: mficha uchi hazai.