Pikipiki Inayozimika Injini Ikipata Moto: Ichunguzwe Ingali ya Moto

Safari ya huduma ya mkoba kutoka katika mojawapo ya zahanati zetu hadi kitongoji cha mwisho huchukua saa moja na nusu kwa pikipiki. Nyuma ya kiti hufungwa sanduku la chanjo lenye vibarafu, na joto la ndani ya sanduku hilo hupaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kina mama hukusanyika chini ya mwembe tangu asubuhi, watoto wakiwa mgongoni na kadi za kliniki mkononi.

Kwa miezi kadhaa pikipiki ya zahanati hiyo iliondoka vizuri, na baada ya nusu saa hivi, ilipoanza kupanda mlima wa kwanza, ikazimika. Muuguzi alikaa kivulini dakika 20, akapiga kiki, ikawaka. Alikwenda mwendo mfupi, ikazimika tena. Siku moja alifika saa nane mchana, wakati kina mama wengi walikwisha kurejea makwao.

Pikipiki hiyo ilipelekwa gereji mara tatu. Mara ya kwanza ilibadilishwa plagi, mara ya pili koili, na mara ya tatu kabureta. Kila mara iliwaka kwa kiki moja uani mwa gereji, ikarejeshwa kwa maelezo kwamba imepona. Hakuna aliyedanganya. Fundi aliipokea ikiwa imepoa, akaijaribu ikiwa imepoa, akaiachia kabla haijapata moto. Hitilafu iliyotafutwa uani ilikuwa haipo uani. Ilikuwa inajitokeza barabarani tu, na kila ilipopoa ilijificha.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitafuta hitilafu ya aina hiyo. Yanawahusu watumishi wanaotumia pikipiki za Halmashauri, yaani maafisa ugani, watoa huduma za afya na watendaji wa kata. Yanawahusu pia vijana wa bodaboda, wakiwemo wa vikundi vilivyokopa kupitia asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao siku moja bila kazi ni siku moja ya rejesho iliyopotea.

Jambo la kuzingatia kwanza

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi sahihi, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Injini inapozimika ghafla ikiwa ya moto na kukataa kuwaka, mojawapo ya hayo matatu limetoweka. Likirudi baada ya kupoa, maana yake kuna kifaa ambacho joto hukibadilisha. Hivyo basi, dakika tano za kwanza baada ya kuzimika zina thamani kuliko saa nzima ya kufungua na kufunga vifaa siku inayofuata.

Namna injini inavyozimika nayo ni ushahidi. Ikikatika ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi, shaka ielekezwe kwenye umeme. Ikipoteza nguvu polepole, ikivuta na kuachia kabla ya kunyamaza, shaka ielekezwe kwenye mafuta. Ikizidi kudhoofika kila inapopunguziwa mwendo, kisha ikafa inaposimamishwa, valvu zichunguzwe. Dalili hizi si hukumu, lakini humwonesha fundi mahali pa kuanzia.

Uchunguzi wa kando ya barabara

Simamisha pikipiki mahali salama, mbali na moto na mtu anayevuta sigara. Kisha fuata hatua tatu, ukianza na zile zisizogharimu kitu.

Kwanza, fungua kifuniko cha tenki na usikilize. Kifuniko kina tundu dogo linaloingiza hewa ili kujaza nafasi ya mafuta yanayotumika. Tundu hilo likizibwa na vumbi, tenki hujivuta ndani na mafuta huacha kushuka. Ukisikia hewa ikifyonzwa, na pikipiki ikawaka mara tu baada ya hapo, chanzo kimepatikana. Wapo madereva wanaoweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili mafuta yasimwagike. Kipande hicho huziba tundu vilevile. Hitilafu hii hudhaniwa kuwa ya joto kwa sababu hujitokeza baada ya muda uleule ambao injini hupata moto, ilhali joto halihusiki nayo. Hakikisha pia kwamba choki haijabaki imevutwa, kwa kuwa injini ya moto haihitaji mafuta ya ziada.

Pili, piga kiki taratibu swichi ikiwa imezimwa, na usikilize kwa mguu. Kiki yenye upinzani wa kawaida huonesha kuwa mgandamizo upo. Kiki ikiwa nyepesi kuliko asubuhi, mgandamizo unavuja, na mara nyingi ni kwa sababu valvu haifungi sawasawa. Kiki ikigoma kabisa kushuka, usiilazimishe. Huenda pistoni imekamata ndani ya silinda, yaani injini imenoki, na kuilazimisha huongeza uharibifu.

Tatu, angalia cheche. Njia iliyo salama ni kutembea na plagi ya akiba. Funga kifuniko cha tenki, chomoa kofia ya plagi iliyomo bila kuifungua plagi yenyewe, ivalishe plagi ya akiba, kisha gusisha chuma cha plagi hiyo na chuma kitupu cha injini. Washa swichi, shika sehemu ya mpira pekee, na mtu mwingine apige kiki. Kinga jua kwa mkono ili uone vizuri. Cheche nzuri ni ya rangi ya buluu na hutoa mlio. Ikikosekana injini ikiwa ya moto na kuonekana tena injini ikiwa imepoa, hitilafu ni ya umeme.

Kwa nini joto huleta hitilafu

Koili ya plagi, na kile kikoili kidogo kilicho karibu na sumaku ya injini ambacho mafundi hukiita pulsa, vimetengenezwa kwa waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Waya ukiwa na ufa, joto huutanua na ncha zake huachana. Ukipoa ncha hugusana tena na cheche hurudi. Fundi mwenye mita ya umeme apime kifaa hicho kikiwa kimepoa, kisha akipime tena kikiwa cha moto. Vipimo viwili vikitofautiana sana, kifaa kibadilishwe. Kubadilisha kimoja baada ya kingine bila kupima ni kununua vipuri kwa kubahatisha.

Kwa upande wa mafuta, kutu na uchafu wa tenki huziba chujio taratibu. Mafuta yanayopita hutosha kwa mwendo mfupi, lakini hayatoshi kupanda mlima na mzigo. Mpira wa mafuta uliolegea na kuegemea injini au egzosi nao huleta matatizo, kwa sababu petroli iliyopata joto kali hugeuka mvuke na kukatiza mtiririko. Kazi ya kufungua kabureta isifanyike juu ya injini ya moto, iachiwe fundi.

Valvu ndizo husahaulika zaidi. Kati ya valvu na kifaa kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo. Katika pikipiki nyingi tunazotumia, nafasi hiyo haizidi sana unene wa karatasi moja ya ofisini, yaani takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, au ni pungufu ya hapo. Nafasi hiyo ina sababu yake: chuma kikipata moto hurefuka. Pasipo nafasi ya kutosha, valvu ya kutolea moshi, ambayo hupata joto kali kuliko nyingine, hurefuka hadi ikashindwa kufunga. Mgandamizo huvuja, injini huzimika, na haikubali kuwaka mpaka chuma kipoe na kurudi katika urefu wake.

Hilo ndilo lililokuwa limeipata pikipiki ya zahanati. Fundi wa nne hakuifungua uani. Alichukua plagi ya akiba na spana, akaomba aiendeshe kuelekea mlimani hadi izimike. Ilipozimika alifungua kifuniko cha tenki, hewa haikufyonzwa. Akapiga kiki, ilishuka bila upinzani. Akaangalia cheche, ilikuwapo. Asubuhi yake, injini ikiwa imepoa kabisa, alipima nafasi ya valvu na kukuta ile ya kutolea moshi haina nafasi yoyote. Alipouliza historia, ikafahamika kwamba miezi michache kabla ya hapo dereva alilalamika kuwa tapeti zinalia, na fundi mmoja akazikaza mpaka zikanyamaza.

Injini ilinyamaza, lakini ikaondolewa nafasi ya kupumua. Mlio mdogo wa tapeti ni wa kawaida katika injini nyingi ndogo. Jibu lake ni kupima, si kukaza. Nafasi ya valvu hurekebishwa injini ikiwa imepoa, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki husika. Marekebisho yale yalichukua chini ya saa moja na hayakuhitaji kipuri hata kimoja. Kama yangecheleweshwa zaidi, valvu ingeungua, na gharama yake ingekuwa kubwa kuliko plagi, koili na kabureta vilivyonunuliwa bure.

Injini ikizidi joto kweli

Ipo hali nyingine ambayo si ya kifaa kujificha, bali injini yenyewe kuzidiwa. Pikipiki hizi hupozwa kwa hewa inayopita kwenye mapezi ya injini, na kwa oili inayozunguka ndani yake. Tope likigandamana kwenye mapezi, oili ikipungua au kuchakaa, mzigo ukizidi, au breki ikiwa inakamata muda wote, joto hupanda kuliko kawaida. Dalili yake ni nguvu kupungua, harufu ya kuungua na sauti ngeni ya chuma. Zima injini na uiache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji: chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka. Ikishapoa, pima oili kabla ya kuiwasha.

Maelezo yanayomsaidia fundi

Anayepeleka pikipiki matengenezo aandike katika daftari la safari mambo haya: ilizimika baada ya muda gani au kilomita ngapi, ilizimika ghafla au polepole, kiki ilikuwa nyepesi, ya kawaida au ilikaza, cheche ilikuwapo au haikuwapo, ilikaa muda gani kabla ya kuwaka, na kazi gani ilifanyika mara ya mwisho kwenye injini. Sentensi hizo chache humwezesha Afisa Usafirishaji kuidhinisha matengenezo yanayohitajika, na kukataa yasiyohitajika. Aidha, kabla ya kuipokea, mtumishi aombe pikipiki ijaribiwe kwa mwendo unaotosha kuipatia injini moto uleule unaoizimisha. Kuwaka kwa kiki moja uani si ushahidi wa kupona.

Pikipiki ya zahanati ile sasa hupanda mlima bila kusimama. Tapeti zake zinalia kidogo. Muuguzi hufika kitongojini saa tatu asubuhi, vibarafu vikiwa bado havijayeyuka, na kina mama wakiwa bado chini ya mwembe.